Kovu la Manase

Bulonza alikuwa amechora nyuso za watu Bukavu, Lusaka, Mombasa na Kahama, wala hakuwahi kumwomba mwanamume ruhusa ya safari hata moja. Kwa hilo majirani zake wa Magarama, hapo Gitega, walimsema mpaka wakachoka wenyewe. Kila alikokwenda alibeba daftari. Uso ukimvutia aliuchora kwa penseli, akaandika chini yake mji na mwezi. Madaftari thelathini na mawili yalijaa chini ya kitanda chake.

Anatoli alimjia na picha ndogo ya kitambulisho.

"Huyu ni mdogo wangu Manase," alisema. "Alifukiwa na shimo la dhahabu Tanzania, miaka mitatu iliyopita. Nilimzika mwenyewe. Jumamosi ijayo tunaganduka nyumbani Muyinga, na mjane anataka picha yake kubwa."

Kuganduka ni kuondoa matanga, na nusu ya kazi za Bulonza zilikuwa za siku hiyo. Alijua pia kinachofuata: wanandugu hukaa papo hapo wakagawana alichoacha marehemu. Anatoli alisema bila haya kwamba mjane, Imelda, ana mabinti wawili tu. Basi shamba na nyumba vitakuwa vyake yeye, na shemeji atarudi kwa baba yake.

Siku ya tatu ya kuchora, mkono wa Bulonza ulianza kwenda wenyewe. Ulipofika kwenye nyusi ya kushoto ulichora kovu, limeikata nyusi katikati. Akaitazama picha ya kitambulisho. Kovu halikuwepo.

Aliweka brashi chini, akayavuta madaftari moja moja. Alimkuta katika la ishirini na tisa. Kahama, Julai ya mwaka jana: fundi baiskeli anacheka, kovu kwenye nyusi, mtoto mchanga mapajani. Mtu aliyezikwa miaka mitatu iliyopita alikuwa akiziba pancha mwaka jana.

Kesho yake Anatoli alipita kutazama kazi. Aliliona kovu, akalinyooshea kidole.

"Hilo lifute, mama."

"Juu ya nini?" Bulonza aliuliza kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Haiko mbaya."

"Lifute. Wewe ni mgeni katika nchi hii, usijitafutie maneno."

Bulonza aliogopa, tusidanganyane. Karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa imebakiza miezi miwili, na mtu kama Anatoli hakosi rafiki ofisini. Alichukua rangi ya maji, ile ya watoto wa shule, akalifunika kovu la rangi ya mafuta mbele ya macho ya Anatoli. Anatoli hakujua rangi hii na ile. Akaridhika, akaenda zake.

Jumamosi, njia nzima ya kupitia Karuzi kwenda Muyinga, Bulonza alijiambia kwamba atakabidhi picha, atakula, ataondoka. Hata hivyo daftari lilikuwa mkobani. Mara mbili alikuwa ameshika wembe aukate upande wa mtoto, ili mke wa watu asiuone, na mara mbili akaurudisha. Daftari lililokatwa nani ataliamini?

Muyinga ua ulikuwa umejaa. Anatoli alikalia kiti kikubwa mbele ya mlango. Imelda alikifunua kitambaa kilichofunika picha, akaitazama hadi machozi yakamtoka.

"Ndiye," alisema. "Ahsante, mama."

Anatoli akatangaza kwamba wanandugu sasa wataingia ndani kwa maneno ya shamba, na akanyoosha mkono kwa Imelda. Mjane akainamisha kichwa, akaanza kufungua fundo kwenye pindo la kitenge chake. Ndani yake ulikuwa ufunguo wa nyumba.

Bulonza alishindwa kuvumilia. Alichovya ncha ya kitambaa katika kikombe cha maji, akaisogelea picha, akasugua nyusi ya kushoto.

"Unafanya nini?" Anatoli aliuliza.

"Namaliza kazi yangu."

Kovu likatokea. Watu wakasogea.

"Mume wangu hakuwa na kovu," Imelda alisema.

"Mchoraji amekosea," Anatoli alidakia. "Mwambie umekosea, mama. Mwambie."

Bulonza alikuwa amefunguliwa mlango wa kutokea. Neno moja tu, na angelala salama Gitega.

"Mi sichorake kitu sijaona," alisema. "Huyu mutu nilimuona Kahama, mwaka jana, mwezi ya saba. Iko hapa."

Akatoa daftari. Imelda alilipokea kwa mikono miwili, akasoma mji, akasoma mwezi, akavisoma tena. Bulonza alitamani amzibe mtoto kwa kidole gumba, lakini alikuwa amechelewa. Kidole cha Imelda kilipita juu ya kovu, kikashuka hadi kwa mtoto, kikabaki hapo.

"Amefanana na Raissa wangu," Imelda alisema.

Binti yake mkubwa, mwenye jina hilo, alikuja kusimama ubavuni pake. Imelda akampa daftari. Akaurudisha ufunguo kwenye pindo, akafunga fundo, akalikaza kwa meno. Ndipo akamgeukia Anatoli.

"Shemeji," alisema, "ondoka kwenye kiti cha mume wangu."