Hodi ya Bi Mahira

Bi Tumu alitukubalia tupige picha kitanda chake cha samadari kwa sababu moja tu. Mdogo wake, Bi Mahira, yuko Maskati, miguu haimbebi tena, na kitanda kile ndicho walicholalia pamoja mpaka walipoolewa. Alitaka akione tena angali hai.

Makumbusho yetu ni madogo, nyuma ya Biashara Street. Wanaopanda ngazi zetu ni wachache. Wengi hututembelea kwa programu ya simu, wakaingia nyumba za Mji wa Kale wakiwa makwao. Sheryl ndiye aliyeitengeneza, mimi naandika maneno. Kwa kitanda kile nilitunga beti, nikazisoma mwenyewe. Ukigusa mlango kwenye simu, chumba cha Bi Tumu kinafunguka na sauti yangu inakupokea.

Bi Tumu alisikiliza hadi mwisho, akaturudishia simu.

"Beti nzuri, mwanangu. Lakini wewe ni nani hata ukaribishe watu chumbani mwangu? Na huyo mgeni mbona kaingia bila hodi?"

Nikamwambia ni picha tu, ndani hamna mtu.

"Nimo mimi," akasema.

Sheryl akamuuliza angependa iweje. Basi beti zangu zikatolewa. Siku hizi ukigusa mlango unapiga hodi, Bi Tumu anakujibu: "Karibu, mpenzi, pita ndani." Ndipo unagusa tena, uingie.

Baada ya siku chache Sheryl aliniita nitazame kumbukumbu za programu. Wageni walikuwa wakiingia vizuri, isipokuwa mmoja wa Maskati. Huyo alipiga hodi, akajibiwa, akarudi nyuma, akapiga tena. Asubuhi hivyo, jioni hivyo. Chumbani hajaingia kamwe. Sheryl alihofia programu imekwama kwenye simu yake. Mimi, kusema kweli, nilifurahi. Niliona beti zangu zinarudi.

Tulimwendea Bi Tumu, akampigia mdogo wake, sote tukisikia. Akamuuliza kama mlango umeharibika.

"Haujaharibika, dada," Bi Mahira akasema. "Nikishaingia hunisemeshi tena."

Bi Tumu alijifuta uso kwa ncha ya leso. Alipokata simu alimwomba Sheryl waingie chumbani wakarekodi tena. Mimi alinionyesha baraza.

"Wewe kaa huko. Haya ya dada na dada."

Nikakaa. Dirisha lilikuwa wazi, nami sikuziba masikio. Alikuwa akimwambia Mahira apande upande wa ukutani, upande wake ule ule, asogee kidogo, na leo asivute shuka yote. Hayakuwa na vina wala mizani maneno yale. Lau ningeyatunga mimi, ningeringa nayo hadi mtaa wa Bondeni.

Jioni ile mgeni wa Maskati alipiga hodi mara moja tu, akaingia, akakaa sana.