Mchanga wa Mshona Kola

Katika kiwanda cha mashati, aliyetaka kwenda chooni alimwomba msimamizi ufunguo, na msimamizi, mtu mwenye huruma, alimuuliza mbele ya wenzake ana shida gani hasa. Kwa hiyo mshona kola aliacha kunywa maji kazini. Miaka ikapita, figo yake ikatengeneza jiwe.

Hospitalini walimlaza juu ya mto wa mpira uliojaa maji, wakampaka jeli ubavuni, mashine ikaanza kumpiga mawimbi ya mshtuko, ta, ta, ta, kama mdai asiyekata tamaa mlangoni. Jiwe likapasuka. Daktari akamwambia anywe maji mengi, mchanga utatoka wenyewe.

Ulitoka. Mwanzoni ulijaa kijiko, kisha kikombe, na wiki haijaisha mumewe alikuwa akiutoa nje kwa karai. Daktari alisema kila mtu na mwili wake. Fundi ujenzi wa jirani aliusugua viganjani, akasema mchanga safi namna hii siku hizi haupatikani hata kwa dawa.

Mume, ambaye mkewe alipokuwa akigaagaa kwa maumivu alimshauri ajikaze, sasa alimsindikiza chooni kama bibi harusi. Mama mkwe alihamia kwao ili awe karibu na mgonjwa, na mchanga ulipoanza kujengea nyumba, kuta za chumba chake ndizo zilizotangulia kupanda. Msimamizi alikuja kutoa pole, akaja na tipa. Kiwandani ikajengwa ofisi yake mpya, yenye choo ndani. Siku ya kuifungua, mshona kola alishukuriwa kwa moyo wa kujitolea, akapigiwa makofi. Ufunguo wa choo cha wafanyakazi ulibaki mfukoni mwa msimamizi.

Asubuhi moja mchanga ukakatika. Mshona kola alikuwa amelala usiku kucha bila maumivu, akawapa habari hiyo huku akicheka. Nyumba ikaingiwa na msiba. Mama mkwe aliuliza kama daktari yule kweli amesoma.

Mshona kola akajaza chupa ya maji aende nayo kazini. Mumewe akaitoa mkononi mwake taratibu, akaiweka juu ya kabati.

"Mke wangu, maji yapunguze kidogo. Plasta bado."

"Na yale maumivu?"

"Safari hii tutaugua wote," alisema mume, na mama mkwe akaitikia amina.