Ulezi wa Severina

Severina alifariki asubuhi ile ile mvua ya kwanza iliponyesha Ipogolo, Desemba ya mwaka 1955. Waombolezaji waliingia uani na matope miguuni, na kila mmoja aliona haya kuonyesha kwamba ameifurahia mvua. Ulezi uliokuwa ghalani ulitumika kupikia pombe ya matanga, ukaisha. Kilichobaki ni kibuyu kimoja cha mbegu, kimening'inia juu ya meko kwenye moshi. Mbegu hiyo Severina alikuja nayo alipoolewa. Iliiva mapema kuliko ya majirani, na hata huko kwao hapakuwa na mtu aliyebaki nayo.

Binti yake, Tekla, alikuwa mwalimu wa darasa la tatu mjini Iringa. Alishuka Jumamosi moja, akaimwaga mbegu yote shambani, akaifukia, akarudi kazini. Baba yake, mzee Ambrosi Kalinga, hakusogea. Tangu maziko alikuwa akikaa jikoni, mgongo ameuelekeza shambani, na akiulizwa habari za ulezi alijibu kwamba ule una mwenyewe.

Kufika mwisho wa Januari magugu yalikuwa yanausonga. Tekla alimwomba mwalimu mkuu ruhusa ya kuwapeleka wanafunzi wake wakajifunze kilimo kwa mikono. Walikuwa watoto wa makarani, madereva na wenye vibanda vya sokoni; nyasi walizozijua ni zile zilizofyekwa mbele ya ofisi za Bomani. Walitoka shuleni Kihesa wakateremka mlima wakiimba, na wale waliokuwa na viatu walivibeba mkononi visichakae.

Shambani aliwaonyesha mche wa ulezi, akawaonyesha na gugu linalofanana nao kama pacha wake, aking'oa machache huku wakimtazama. Kisha akaenda nyumbani kumbembeleza baba yake atoke. Mzee alimpokea vizuri, akauliza habari za shule, lakini kutoka alikataa. Mara kulikuwa na baridi, mara goti linamsumbua. Walibishana kwa upole hadi uji ukapoa.

Aliporudi, watoto walikuwa wamefika katikati ya shamba, na nyuma yao ardhi ilikuwa na kijani kizuri. Tekla aliinama. Kijani kile kilikuwa magugu matupu. Ulezi wa mama yake ulikuwa umelala kando, umepangwa mafungu mafungu kama mchicha wa sokoni.

"Mwalimu, haya mengine yamekataa kung'oka," alisema Saulo, mtoto wa dereva wa basi, bado anajivunia kazi. "Tumetoa yale yaliyokubali."

Tekla alikaa chini palepale. Ndivyo hasa mama yake alivyomfundisha alipokuwa mdogo: ulezi huja kwa urahisi, gugu ndilo linalong'ang'ania. Yeye mwalimu alikuwa amesahau kuwaambia. Marta, mdogo kuliko wote, alipomwona uso alianza kulia, wengine wakampokea, na kilio kile kikafika jikoni.

Mzee Ambrosi alikuja na fimbo yake, akasimama ukingoni mwa shamba na kuyatazama mafungu.

"Mmetoka mjini kote huko kuja kupalilia magugu?"

Saulo aliokota mche mmoja na kuuchomeka ardhini, kama mtu anayejaribu kuunganisha kikombe alichokivunja. Mche ukasimama, umeinama kidogo. Tekla aliutazama, akamkumbuka mama yake siku za mawingu, akiupunguza ulezi palipobanana na kuupandikiza palipo wazi. Mizizi ilikuwa bado na udongo, na jua lilikuwa halijaonekana tangu asubuhi.

"Baba, mama alikuwa akiuhamisha."

"Alikuwa akiuhamisha," mzee alikubali. "Lakini alikuwa yeye."

"Na mimi alinifundisha. Hawa nitawafundisha."

Alivua khanga aliyojifunga kiunoni, akailowesha mferejini na kuyafunika mafungu. Watoto waliyakamata magugu wawili wawili, wakayavuta mpaka wakaanguka chali, wakaanza kuchekana. Sasa yalitakiwa matundu. Tekla alikuwa bado anatafuta kijiti alipoona baba yake ameingia shambani. Mzee aliwatangulia watoto, akitoboa ardhi kwa fimbo yake ya kutembelea, huku akimwonya Marta asizike majani pamoja na mizizi, maana ulezi nao unataka kupumua.

Manyunyu yalianza wakiwa bado wanapanda. Mzee aliinua uso, akasema mbele ya wote kwamba mvua imekuja vizuri.

Si miche yote iliyoshika. Ya kando ya njia ilikauka, na palipopandwa na Saulo imebanana kama watu kanisani siku ya Pasaka. Lakini mingi ilisimama, na sasa imetoa masuke. Mzee Ambrosi anashinda shambani, anafukuza ndege.