Kombi ya Kumhamisha Waisiko

Mwezi wa nane, mwaka wa sabini na nne, watu waliokuwa wakiishi juu ya kilima upande wa Nyansurura waliambiwa wahamie kijiji kipya kando ya barabara ya Mugumu, maili kumi na moja kutoka kwao. Aliyepita nyumba kwa nyumba na taarifa hiyo alikuwa balozi wao wa nyumba kumi, Heche, mtu mpole ambaye naye alikuwa na nyumba ya kubomoa kama wengine. Alipofika kwa Nashoni alimkuta amelala chali chini ya Kombi yake, miguu tu ikionekana.

"Lori linakuja Ijumaa ya wiki ijayo," Heche aliiambia ile miguu. "Litabeba mbao, mabati, watoto na wazee. Ng'ombe watatembea. Jumamosi jioni kusiwe na mtu huku juu."

"Nimesikia."

"Na mama yako je? Atapanda lori?"

Chini ya gari spana iligonga chuma. Heche alingoja kidogo, akaaga, akaenda nyumba inayofuata.

Kombi ile haikuwa ya kubebea abiria. Ndani ilikuwa na kitanda, kabati, jiko la mafuta ya taa na mapazia ya maua, na sehemu ya paa lake ilinyanyuka ili mtu aweze kusimama. Nashoni aliiendesha miaka tisa porini akiwa dereva wa mzungu mmoja aliyekuwa akihesabu nyumbu, na mzungu alipomaliza kuhesabu akarudi kwao, akamwachia. Injini ilikuwa nzima. Kilichokuwa kimekufa ni miguu ya mbele. Usukani ulitetemeka hadi mabegani, magurudumu yalilala ndani kama miguu ya ndama aliyezaliwa leo, na kila shimo la barabarani liligonga ndani ya gari kama nyundo.

Mama yake, Waisiko, alikuwa ameteleza mtoni miaka mitatu nyuma akavunjika nyonga, na mfupa ukaunga vibaya. Mwezi wa sita Nashoni alikuwa amempeleka hospitali kwa Kombi hiyo hiyo. Njia nzima mama hakusema neno. Walipofika, Nashoni alifungua mlango akamkuta amelowa machozi hadi kifuani, yeye ambaye hata siku ya kumzika mumewe hakuonekana akilia. Kwa hiyo suala la kumweka juu ya lori, katikati ya mbao na mabati, halikuwepo. Na watu wa kumbeba kwa machela maili kumi na moja wasingepatikana, kila mtu alikuwa na mzigo wake. Nashoni alikuwa na siku tisa.

Siku ya kwanza aliinua pua ya gari kwa jeki, akaiegemeza juu ya magogo mawili ya mkuyu, akatoa magurudumu. Alitandika ngozi ya ng'ombe chini ya kivuli cha gari, na kila kilichotoka akakipanga juu yake kwa zamu yake: kushoto kwa kushoto, kulia kwa kulia. Shokomzoba zote mbili zilikuwa zimevuja hadi zikakauka. Kingpini, zile pini nene za kusimama ambazo gurudumu hugeukia juu yake usukani unapokatwa, zilikuwa zimeng'ang'ania kwa kutu. Alizipiga nyundo, hazikusogea. Akazimwagia mafuta ya taa, akaziacha zilowe usiku kucha. Siku ya pili Mokami, mkewe, aliwasha mkaa, akavuvia mpaka chuma kikaiva. Nashoni akapiga tena, na pini ya kwanza ikatoka ikilia. Bushi zake, yaani pete zinazoishika pini, ambazo zilipaswa kuwa duara, zilikuwa zimeliwa zikawa kama yai.

"Sasa?" Mokami aliuliza.

"Sasa Mugumu."

Alienda kwa baiskeli, vyuma vikiwa kwenye gunia nyuma. Pale Mugumu kulikuwa na fundi aliyeitwa Bushiri, mtu aliyetokea Tabora, mwenye mashine ya kukereza iliyozungushwa kwa mkanda na injini ya dizeli. Bushiri alishika pini, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa mlango.

"Kingpini mpya za Kombi hupati hapa. Wala Musoma. Ukitaka ukazitafute Nairobi."

"Nina siku saba."

"Basi tutazizaa." Bushiri aliinama chini ya meza yake, akatoa kipande cha ekseli ya lori na bushi kubwa ya shaba iliyotoka kwenye mashine ya kusaga. "Hiki kitakuwa pini. Hiki kitakuwa bushi. Shokomzoba nitazitoboa, nizijaze oili, nizibe kwa kuchomelea. Zitakusukuma mwaka, labda na nusu. Unakwenda nalo wapi gari hili?"

"Maili kumi na moja."

Bushiri alimtazama aone kama ni utani. Alipoona si utani, aliwasha injini. Kazi ilichukua siku tatu, na Nashoni akalala kwenye baraza ya fundi.

Aliporudi kilimani alikuta mapaa yamepungua. Majirani walikuwa wameanza kushusha mabati na nyasi, na pale kwake Mokami alikuwa juu ya nyumba pamoja na Werema, mdogo wake Nashoni, wanang'oa misumari. Waisiko alikuwa amekaa kwenye kigoda chini, akiwatazama wakiuvua uti wa nyumba aliyoingia akiwa bibi arusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mura, mwanangu. Umeviona vichwa vya watu hawa? Wako juu yangu kama tai."

Mokami alishuka, akamfuata mumewe mpaka kwenye gari. Alisema kwa sauti ya chini, lakini maneno yake hayakuwa ya chini. "Baba Esta, watu wote wanahama. Wewe unafuta grisi. Nani atabomoa zizi? Nani atafunga vyombo? Ungekuwa unataka kuhama ungekuwa juu ya paa na sisi."

"Sitaki kuhama," Nashoni alisema. "Lakini mama atahama bila kulia."

Mokami akarudi kwenye misumari yake. Toka hapo hakumsema tena.

Usiku huo Nashoni, Mokami na mama, maana Esta binti yao alikuwa ameshaolewa, walilala wote watatu ndani ya Kombi, pua yake ikiwa juu ya magogo, na vyombo vya jikoni viliteremka polepole hadi nyuma.

Kesho yake Nashoni aligongea bushi mpya, akazipanua kwa chuma chenye meno, zungusha, toa, futa, jaribu, mpaka pini ikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba na isicheze. Kasoro ilitokea moja tu katika kazi hiyo, nayo haikutoka kwenye gari: ndama wa Werema alikanyaga ile ngozi, akamwaga washa, vile vipete vyembamba vinavyokaa pande mbili za zile pini nyingine, za kulala, zinazoshikilia gurudumu kwenye ekseli. Kila pini ilikuwa na hesabu yake ya washa ndani na nje, na ukizikosea gurudumu linasimama upande. Nashoni alipiga magoti akizitazama. Mokami alikuja, akachuchumaa.

"Hii ya juu kushoto ilikuwa na tano huku na tatu huku," alisema. "Ya chini, mbili na sita. Nilizihesabu ulipokuwa Mugumu. Sikuwa na la kufanya jioni."

Alizipanga zote pande zote mbili. Nashoni alifunga, akakaza, akalegeza kidogo sana kama inavyotakiwa, akajaza grisi kwa bomba mpaka ikachungulia kila ukingo. Alhamisi mchana alishika gurudumu juu na chini akalitikisa kwa nguvu zake zote. Halikucheza. Akashusha gari.

Ijumaa lori lilikuja likaondoka. Jumamosi asubuhi walimlaza Waisiko kitandani ndani ya Kombi, mito miwili chini ya nyonga, pazia limefunguliwa. Nashoni, Mokami akiwa kando yake, aliteremka kilima kwa gia ya kwanza. Kwenye mawe alisikia magurudumu yakipanda na kushuka bila kugonga. Usukani ulitulia mikononi kama kitu kilicholala. Hakugeuka nyuma, lakini alisikiliza njia nzima, na hakusikia mguno hata mmoja.

Kijiji kipya kilikuwa mistari ya vigingi na marundo ya mbao. Alizima injini, akafungua mlango. Mama alikuwa amelala usingizi, mdomo wazi. Mokami alianza kucheka kwa furaha. Waisiko akaamka.

"Tuko wapi?"

"Tumefika, mama. Umelala njia nzima!"

Uso wa mama ulibadilika. "Nimepita wapi?"

"Tumeshuka kwa jirani Mniko," Nashoni alisema, "tukavuka kijito, tukapita..."

"Sikuuliza umepita wapi wewe. Nimeuliza nimepita wapi mimi." Alijaribu kuinuka, akashindwa. "Nilikuja pale kilimani kwa miguu yangu, nikiijua njia ya kurudi kwetu. Leo nimeletwa kama mzigo. Hata kama ningetaka kurudi, ningerudi kwa njia gani?"

Alikataa uji. Siku mbili hakuzungumza na mwanawe, ambaye mikono yake bado ilinuka grisi.

Jumanne alichukua dumu dogo la petroli alilokuwa ameficha chini ya kitanda. Mokami alilishika kwa upande wa pili.

"Hiyo ni ya hospitali."

"Najua."

Walilishikilia hivyo kwa muda, halafu Mokami akaachia.

Safari hii alimkalisha mama mbele, blanketi limekunjwa chini ya nyonga. Alishika njia ya kurudi kilimani, taratibu. Waisiko aliangalia kila kitu. Mara nyingine aliinua kidole na Nashoni akasimama: mti fulani, kivuko, mwamba ambapo akina mama walikuwa wakipumzika na mizigo ya mtama. Hakueleza kwa nini. Aliangalia tu, kisha akashusha kidole, wakaendelea.

Kilimani kuta zilikuwa zimesimama bila vichwa. Mbuzi wa mtu walikuwa ndani ya chumba chake. Nashoni alitaka kumteremsha, akakataa. Alikaa mlango ukiwa wazi, mikono mapajani, kiasi cha mtu kunywa kibuyu cha maziwa bila haraka.

"Haya," alisema. "Geuza."

Petroli iliwaishia nusu maili kabla ya kijiji. Wanaume waliokuwa wakikata nguzo walikuja kusukuma, Heche akiwa mmoja wao. Mama alibaki ndani, dirisha wazi, akiwauliza mmoja mmoja ni mwana wa nani na kigingi chake kiko mstari wa ngapi.

Alilala ndani ya Kombi mpaka mvua za mwezi wa kumi na moja. Nyumba ilipoezekwa, hakungoja kubembelezwa. Aliomba mkono wa Mokami, akaingia, akauliza kitanda chake kitakaa ukuta upi.