Miti ya Tarach Ina Wenyewe

Opondo alifukuzwa chuo kikuu akiwa mwaka wa mwisho wa somo la historia. Kosa lake lilikuwa kupanda juu ya meza na kuwaambia wenzake wagome. Mwaka 1976 alikuwa karani Lodwar, akiwapigia taipu wakubwa wasioweza kumaliza barua bila kumwita. Mdomo uliponza kichwa, mama yake alisema, naye alikubali, ila Jumapili tu.

Siku moja mkubwa wake, Bwana Mutua, akamwonyesha barua. Ilisema Opondo amejirekebisha, chuo kimpokee tena. Ilikosa sahihi tu.

"Kuna mkandarasi anataka miti ya kando ya Mto Tarach, kule Kakuma, achome makaa," Mutua alisema. "Nenda uandike kwamba haina mwenyewe. Ukishawasomea watu barazani, natia sahihi."

Kakuma, Opondo hakuona ua wala alama ya mpaka. Alikaa kivulini, akatoa kalamu, na kusema kweli alikuwa tayari kuandika uongo ule bila kujua kuwa ni uongo. Mjane mmoja, Akiru, alikuwa akiwaangushia mbuzi wake matunda ya mgunga kwa ufito mrefu. Akamjia, akamsalimu.

"Ejok. Hii kivuli umeomba nani?"

Opondo akacheka. Mama yule hakucheka.

"Hii ni ekwar ya Abei, mama ya bwana yangu. Miti yote mpaka kwa ile kona. Ng'ambo ni ya Lochakapong. Kiangazi ikikuja, mbuzi yangu inakula hapa, haiendi kwa mwingine. Kila boma iko na ekwar yake."

"Tangu lini?"

Akiru akaketi, akamtajia waliorithishana, mmoja baada ya mwingine, na kiangazi kilichomuua kila mmoja. Opondo aliandika siku tatu, nyumba kwa nyumba. Aliona aibu. Miaka mitatu alikariri wafalme wa Ulaya, na historia yenyewe ilikuwa huku ikilisha mbuzi.

Siku ya baraza Mutua alifika na mkandarasi, na lori la watu wenye mashoka. Opondo akasimama. Digrii ile aliitaka bado.

"Ekwar ya kwanza," alisoma, "ni ya Akiru, aliyoirithi kwa Abei. Ya pili, Lochakapong."

Kila aliyetajwa alisimama. Mutua akatoa barua mfukoni, akaiinua Opondo aione vizuri, akaichana vipande viwili.

"Haya, profesa. Endelea."

Iliuma. Asidanganye mtu kwamba haikuuma. Aliwaza mama yake atakavyoipokea habari hii, machozi yakamlengalenga, na hasira ikayakausha.

"Naendelea, mzee," akasema. "Ya tatu, Ekai wa Losike."

Ekai akasimama na fimbo yake. Ya nne, ya tano. Walipofika kumi na tisa, na waliokaa wakiwa bado wengi kuliko waliosimama, mkandarasi akamwambia dereva wake awashe gari, warudi walikotoka.