Kilo Saba za Mwisho

Kwa wiki tisa mshale wa mizani yangu ulisimama kwenye tisini na mbili, haupandi, haushuki, kama mbuzi aliyegoma katikati ya barabara. Kila asubuhi, kabla ya kufungua kibanda changu cha ushonaji pale Voi, nilivua pete, nikavua hata hereni, nikapanda huku nimezuia pumzi. Tisini na mbili. Nilishuka, nikaisogeza mizani penye saruji iliyonyooka zaidi, nikapanda tena. Ng'o!

Msinicheke. Nilianza na mia moja na kumi na nane. Niliacha ugali, nikaacha chapati, wali, viazi na mihogo, na chai nikawa nainywa bila sukari huku nimekunja uso. Nilikula mayai, sukuma wiki, parachichi na nyama ya mbuzi mpaka nikaota nalia kama mbuzi. Na kilo zilidondoka kweli. Sketi zangu nilizipunguza kiunoni mara nne kwa mkono wangu mwenyewe. Kisha, bila kuaga, zikaacha kudondoka.

Nilikuwa nahitaji zidondoke nyingine saba. Daktari wa magoti alikuwa ameniambia nikifika themanini na tano nitaweza kupanda kilima bila kushikwa. Kilima alichokisema hakukijua, lakini mimi nilikuwa na kimoja tu: kile cha kwa mama, Chawia. Gari hukuacha barabarani, halafu kijia kinapanda karibu saa nzima.

Miaka mitatu iliyopita tulimzika baba huko. Nusu ya njia magoti yalikataa katakata. Vijana wa kijiji wakaleta kiti kutoka kanisani, wanne wakaninyanyua, na nyuma yetu wengine wakalileta jeneza. Mmoja wa wale walionibeba akasema huku anahema, "Leo tuna mizigo miwili." Watu wakacheka, si kwa ubaya, ni uchovu tu. Siku ile nililia kutwa nzima, na waombolezaji wakanisifu kwa kumpenda baba. Mungu anisamehe, nusu ya machozi yale nilijililia mwenyewe. Niliapa sitakanyaga tena kijia kile mpaka nikipande kwa miguu yangu. Mama naye, mwenye miaka themanini na ushee na macho yaliyofifia, hakuweza kushuka. Basi tukabaki hivyo, yeye juu, mimi chini.

Kila Jumamosi alinitumia kimanga kwa gari la abiria: mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, yamefungwa kwenye jani la mgomba, bado yana joto. Nami nilimpelekea Mohammed, jirani yangu anayeuza vipuri vya baiskeli, kwa sababu kimanga ndicho hasa nilichokatazwa.

Mshale ulipoganda, nilikwenda kwa Linet, binti anayeshauri watu kuhusu lishe kliniki. Alilisoma daftari langu la chakula ukurasa baada ya ukurasa.

"Mama, niambie ukweli. Kuna kitu unakula na hujakiandika?"

"Hakuna."

Akalisukuma daftari mbele yangu, kalamu juu yake.

"Kimanga," nikasema. "Lakini sili, daktari. Nampa jirani. Mimi nalamba jani."

"Jani la ukubwa gani?"

Nikamwonyesha kwa mikono yote miwili. Linet alicheka mpaka akafuta machozi, nami nikacheka kwa aibu.

Nikaacha kulamba. Mohammed akawa anapokea jani lake likiwa zima, akishangaa ukarimu ulioongezeka. Wiki mbili zikapita. Tisini na mbili.

"Mwili ukishapungua sana, hujizoesha na kile kidogo unachoupa," Linet akanieleza. "Mwili wako umepumzika tu, mama. Usijinyime zaidi. Tembea, lala vizuri, vuta subira."

"Mpaka lini?"

"Hilo sijui. Kwani kuna nini kinachokungoja huko mbele?"

Nilichukua daftari langu, nikarudi kibandani. Mchana ule joto la Voi lilinishinda, nikasinzia kichwa kikiwa juu ya cherehani. Niliona kijia cha Chawia kikiteremka kilimani taratibu, cheupe, laini, mtandio usio na mwisho, kikaingia kibandani na kujikunja miguuni pangu. Nikachukua futi yangu nikipime. Nilipima, nikapima, na kila nilipofika tisini na mbili namba ziliisha.

Jumamosi iliyofuata kimanga hakikuja. Mohammed mwenyewe alichungulia mlangoni. "Dada Wakio, leo mama kulikoni?"

Nikampigia kaka yangu Crispus, anayeishi boma moja na mama.

"Nimemkataza kupika," alisema. "Juzi aliacha sufuria motoni akaenda shambani. Dada, mama anasahau."

"Anasahau nini?"

"Wewe njoo tu."

"Bado kilo saba," nikasema.

"Bado kilo saba," Crispus akarudia polepole, kisha akakata simu.

Jumatatu sikupanda mizani. Nilifunga kibanda, nikaenda.

Ukungu ulikuwa umekilalia kijia chote. Nilipiga moyo konde, nikatia mguu. Magoti yaliwaka moto lakini hayakukataa. Nilipumzika mara kumi na tatu, nikiegemea mawe ambayo siku ile ya mazishi niliyapita juu kwa juu, kitini. Kuna mahali ukungu ulizidi hata sikuiona miguu yangu, na kwa muda nikahisi sina uzito wowote, ni pumzi tu inayopanda. Wanawake waliobeba majani ya ng'ombe walitokea, wakanisalimu kama mgeni, wakatoweka. Nilifika nimelowa, nimesimama wima, nataka kupiga vigelegele.

Mama alikuwa ameketi mkekani nje, akipukuchua maharagwe.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umetoka kwa nani?"

"Ni mimi. Wakio."

Akanicheka kwa adabu. Nikapiga magoti mbele yake, naye akanipapasa mikono, mabega, mbavu, taratibu, kama ninavyopapasa kitambaa kabla ya kukikata.

"Sauti umemwibia kweli," akasema. "Lakini Wakio wangu ni mwanamke wa kujaza mlango. Wewe huna hata nyama."

Crispus alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Moyo ulinipasuka, nikalia mbele yao bila kujificha.

"Usilie, mgeni. Atakuja," mama akanibembeleza. "Magoti yanamsumbua. Na siku ya kumzika baba yake walimcheka, nikawasikia. Tangu hapo anaona haya. Kila siku namwambia Crispus, mwambie dada yako aje hata kwa kubebwa. Mimi kilo zake zinanihusu nini?"

Nikamtazama Crispus. Akainamisha kichwa. Alikuwa ameniambia, mara nyingi, nami kila mara nilimtajia namba.

Mama akausogeza ungo wa maharagwe, akajivuta hadi ukingoni mwa mkeka. Akapangusa kwa kiganja nafasi pana katikati, ya kumtosha mtu mnene, kisha akanionyesha pembe iliyobaki.

"Keti hapo," akasema. "Tumngoje."

Nikaketi pale pembeni. Ile nafasi kubwa kati yetu niliiacha wazi, nikakitazama kijia pamoja naye.