Mwalimu Mmoja wa Hesabu

Mkuu wa shule alikwenda kusomea uongozi shingo upande. Miaka yote ile ya kushika chaki, halafu leo aketi dawatini kama mtoto! Lakini ofisi ya elimu ndiyo iliyomlipia ada, na mtu hapigiwi simu na ofisi akajibu kwamba amechoka.

Huko chuoni mkufunzi aliwaambia kwamba cheti hakitapatikana kwa kukariri. Kila mkuu afanye utafiti tendaji: achague tatizo la shule yake mwenyewe, ajaribu dawa, atazame kama mgonjwa amepona, ajiulize kwa nini, kisha ajaribu tena. Mkuu aliona ni kazi ya kumsukuma mlevi. Tatizo alikuwa nalo, tena lilimkaa kooni siku nyingi: utoro wa darasa la saba.

Dawa yake ya kwanza ilikuwa ile aliyoizoea, ukali. Aliita wazazi akawafokea. Akasimama langoni kila asubuhi, amekunja uso, na watoro wakazidi, maana nani anakimbilia uso wa namna ile? Akampigia mkufunzi simu kulalamika.

"Umewauliza walimu wako?" mkufunzi akasema.

"Nimeshawaambia mara ngapi!"

"Sijasema kuwaambia, Mkuu. Nimesema kuwauliza. Ukishauliza, nyamaza."

Maneno yalimchoma, akayameza.

Kikao kilichofuata, katika chumba cha walimu chenye meza mbili zisizolingana urefu na marundo ya madaftari hadi dirishani, aliuliza swali moja: kwa nini watoto hawaji? Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu awe mkuu. Alifunga mdomo. Walimu walitazamana. Mmoja alikohoa, mwingine akaanza kukagua kucha zake, na ukimya ukawa mzito mpaka ukaudhi. Aliyeuvunja alikuwa Kobe.

Kobe ndilo jina wanafunzi walilompa mwalimu wa hesabu, kwa kuwa alitembea taratibu, akaandika ubaoni taratibu, akasahihisha taratibu. Wenzake walimtania kwamba kobe akiinama anatunga sheria, ila huyu sheria zake hazitangazwi, maana kikaoni alikuwa bubu. Mbio alizipata saa sita tu. Hapo alikimbilia nyumbani, nyuma ya uwanja wa shule, kumlisha mama yake aliyepooza kwa kiharusi. Hakuwa na mke wala ndugu, na yule mama hakukubali kijiko cha mtu mwingine.

"Mkuu, tunaowafukuza si ni sisi?" alisema. "Siku ya mtihani wa majaribio tunawaambia wale wazito wapumzike nyumbani ili wastani usishuke. Mtoto ukimpumzisha mara mbili tatu, baadaye anajipumzisha mwenyewe. Wanaofeli hatuwafundishi. Tunawaficha."

Hakuna aliyeshangaa, na hilo ndilo lililomuumiza Mkuu. Kupumzisha watoto ulikuwa utaratibu aliourithi na kuuendeleza bila kuufikiria. Ofisi ya elimu ilisifu wastani mzuri, wala haikuuliza umepikwaje. Aliona aibu, aibu ya kweli, na akaipenda ile aibu kwa sababu ilimfungua macho.

Akabadilisha dawa. Mtihani uliofuata hakupumzishwa mtu. Wastani uliporomoka, ofisi ikanuna. Lakini Kobe alibaki jioni na wale wazito, akawafundisha sehemu na asilimia kwa mwendo wake ule ule wa kobe, na kumbe ndio mwendo waliokuwa wakiuhitaji. Madawati ya nyuma yakajaa. Mkuu alipita dirishani akasikia watoto wakicheka katika somo la hesabu, akaenda ofisini kwake akalia kidogo kwa furaha.

Ikabaki kuandika ripoti. Mkufunzi alitaka sauti za wahusika, neno kwa neno, majina yafichwe. Mkuu aliyanukuu maneno ya Kobe yote, kwa kuwa hakuona mengine yaliyoyafikia. Penye jina akaandika: mwalimu mmoja wa hesabu, mkongwe shuleni. Akaisoma mara ya pili, akaridhika na uangalifu wake. Shule nzima ilikuwa na walimu wawili wa hesabu, na wa pili alikuwa binti aliyetoka chuoni juzi. Mkuu huyu, mwanamke mwenye akili zake timamu, mtaratibu kupindukia, alificha jina akamwanika mtu!

Chuo kilimpa alama za juu. Nakala ikaenda ofisi ya elimu, maana mlipaji ana haki ya kuona alicholipia. Wiki haikwisha, afisa akamwita.

"Umetuvua nguo," afisa alisema, tena kwa upole. "Tunawaficha! Wazazi wakisoma haya tutasema nini?"

"Aliyeruhusu ni mimi, Afisa. Niadhibu mimi."

"Wewe? Wewe tunakutegemea uwafundishe wakuu wenzako huo utafiti. Umefaulu vizuri sana."

"Basi huyo mwalimu msimtafute. Jina lake nimelificha makusudi."

Afisa akacheka. "Nimtafute wa nini? Umeshamleta."

Barua ya uhamisho ilimpeleka Kobe shule ya mbali mno, mwendo wa siku nzima kwa basi, na mgonjwa wake hakuwa mtu wa kupandishwa basi. Mkuu alirudi kwa afisa akaomba, akapanda ngazi za wakubwa wake akaomba, akaambiwa kazi ni popote. Mwisho alimfuata Kobe darasani, akakuta anafuta ubao.

"Mwalimu, nisamehe. Sikukusudia."

"Najua hukukusudia." Aliendelea kufuta mahali palipokwisha kuwa safi. "Siku ile ulipouliza, nilidhani tunazungumza. Kumbe ulikuwa unakusanya."

Mkuu akauliza kwa sauti ndogo kama anaweza angalau kumlisha mama saa sita.

"Jaribu," Kobe alisema. "Mimi sina mwingine."

Aliondoka kabla hakujapambazuka, mama yake akiwa bado amelala, kwa sababu hakuweza kumuaga. Kengele ya saa sita ilipolia, Mkuu alipita nyuma ya uwanja akiwa na bakuli la uji. Chumba kilikuwa safi, kitanda kimesogezwa karibu na dirisha, na bibi akamtazama tangu miguuni hadi usoni.

"Mama, mimi ni mkuu wa shule. Nimekuletea uji."

Bibi akafunga midomo. Kijiko kilifika mara ya kwanza, mara ya pili, na uji ukamtiririkia kidevuni. Mkuu akampangusa, akajaribu tena, akashindwa. Ndipo bibi akasema, kwa ulimi ule mzito wa kiharusi, "Mwanangu yuko wapi?"

Mkuu angeweza kusema yuko mbali, na kwamba aliyempeleka huko ndiye aliyeshika kijiko.

"Yuko darasani, mama."

"Atakuja jioni?"

"Atakuja."

Bibi akafungua mdomo. Alikula bakuli zima bila kuacha tone, akashukuru, akalala. Kesho yake saa sita, kabla ya kijiko cha kwanza, aliuliza tena.